Aliomba Likizo Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kamba, kwa sababu hakuonekana bila kamba ya mbwa shingoni. Alifanya kazi katika kituo cha mbwa waliotelekezwa kwa miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne, wasikilizaji. Jumanne moja asubuhi alianguka akiosha mabanda, hakuinuka tena. Hospitali ilisema ni kiharusi. Mdogo wake anasema ni kazi. Nimesikiliza yote, nami niko upande wa mdogo wake.

Alilisha, aliosha, alifunga vidonda. Na alikuwa na utani wake. Mbwa wakibweka wote kwa mpigo, aliwaambia wenzake wanyamaze, bunge limeanza.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine, isiyoandikwa kwenye mkataba. Kituo kikijaa, mbwa waliokosa wa kuwachukua walichomwa sindano ya mwisho. Daktari wa mifugo ndiye aliyechoma. Mama Kamba ndiye aliyewashika. Aliwakumbatia, akawanong'oneza sikioni mpaka mwili ukalegea. Halafu alirudi kuwalisha waliobaki.

Siku moja bwana mmoja alileta jike mzee, wa miaka tisa. Familia imehamia nyumba mpya, akasema, na mbwa anamwaga manyoya kwenye mazulia. Akataka arudishiwe ukanda wa shingoni, eti bado mzima. Mama Kamba akaufungua, akampa.

"Ukanda huu hapa," akamwambia taratibu. "Sasa mwambie mwenyewe kwamba unaondoka."

Bwana yule akapanda juu kwa meneja kushtaki. Na nani aliandikiwa barua ya onyo? Mama Kamba, kwa kumvunjia mteja heshima. Wiki tatu baadaye, jike yule naye alimfia mikononi.

Tangu hapo hakuwa yule yule. Mdogo wake, aliyeishi naye, anasema dada akirudi kutoka kazini aliketi ukingoni mwa kitanda na mabuti miguuni, chakula kikapoa. Usingizi ulimpaa. Kijiko kikidondoka, alifoka, kisha akalia kwa kufoka kwake.

"Nilimsihi aache," mdogo wake alinieleza. "Akaniambia, 'Nikiacha, watashikwa na mtu mwenye haraka.'"

Hakuacha. Aliomba likizo. Aliomba likizo mara tatu. Mara ya kwanza meneja alisema watu hawatoshi. Mara ya pili alimwambia ajikaze, hao ni mbwa tu. Mara ya tatu Mama Kamba alipeleka bahasha yenye barua ya daktari wake: apumzike mwezi mzima, na apate mtu wa kuzungumza naye. Hakujibiwa. Siku kumi na moja baadaye akaanguka.

Mazishini, meneja alisimama akasema mbwa walikuwa faraja ya marehemu, na kwamba aliwapenda sana. Mdogo wake hakungoja amalize.

"Kwamba aliwapenda tunajua," alisema. "Tuambie ni nani kati yenu aliyewahi kumuuliza analalaje."

Meneja akakaa. Nilimpigia simu mwenyewe kumuuliza hilo hilo, wasikilizaji. Aliniambia ana kikao.

Aliyefanya jambo ni daktari wa mifugo, yule aliyekuwa akichoma sindano. Kesho yake aliingia ofisini, akafungua droo ya meneja mbele ya macho yake, akaikuta bahasha ya Mama Kamba. Ilikuwa bado haijafunguliwa. Akaiweka mezani, akaweka na bomba la sindano kando yake, akasema hatamchoma mbwa yeyote mpaka wafanyakazi wapate likizo na mtu wa kuwasikiliza. Wenzake wote wakatoka nje pamoja naye. Siku ya tatu uongozi ukakubali. Sasa mshauri anakuja kila Jumatatu. Siku tatu tu zilitosha! Kumbe iliwezekana muda wote.

Kwa mdogo wa marehemu, na kwa wenzake wa mabandani, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi.

Nanyi mnaonisikiliza, huenda nyumbani kwenu yupo anayefanya kazi kama hii. Jioni akirudi, msimuulize mbwa hawajambo. Muulizeni yeye. Kisha nyamazeni, mpaka ajibu.