Mama Mashuka na Dawa ya Kitanda cha Sita

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 11 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa pili kati ya mabinti wawili. Dada yake husimulia kwamba mdogo wake alitoka tumboni akiangalia nani kapewa nini. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha dada, na mpaka dada anaolewa, marehemu alikuwa bado hajamsamehe. Wivu huo hakuuficha alipokuwa hai, na familia haioni sababu ya kuuficha leo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Dada alikuwa ameshachaguliwa kwenda sekondari, yeye hakuchaguliwa. Alilia siku mbili. Ya tatu akashika sindano, akamshonea dada sare mpya, pindo kwa pindo, hata mwalimu mkuu akauliza fundi ni nani. "Kama siendi mimi, mshono wangu utakwenda," alimwambia mama yao.

Mshono huo ndio uliompa kazi. Juni 1982 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, ghorofa ya chini, ukuta mmoja na chumba cha dobi. Kwa miaka thelathini na tisa alishona mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa, mpaka madaktari nao wakamwita Mama Mashuka.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na fundi kufuli mwenye kibanda karibu na lango la hospitali, wakajaliwa watoto watatu. Kazi ya mumewe ilimpa tabu, maana wateja wengi waliojifungia nje walikuwa wanawake. Kila aliyepoteza ufunguo, marehemu alitaka kujua kaupotezaje. Mumewe alikuwa akicheka tu: "Mke wangu, mimi nafungua milango, siingii."

Mwaka 2012 aligundulika kuwa na kisukari, akaanza kumeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Julai 2021, mwaka wake wa mwisho kazini, virusi vya kifua vikamwangusha mumewe. Alilazwa wadi ya tatu, kitanda cha tano, mrija wa oksijeni puani. Wakati huo hospitali ilikuwa ikijaribu kuona kama dawa ya kisukari, ile ile aliyoimeza marehemu siku zote, ingewasaidia wagonjwa wa virusi hivyo. Nusu yao walipewa dawa, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na kompyuta ndiyo iliyochagua. Kitanda cha sita alilala refa mstaafu wa mpira, ambaye mkewe ni msusi.

Ndugu wa wagonjwa waliishia kwenye kioo cha mlangoni. Marehemu aliingia, kwa kuwa alipeleka mashuka. Siku ya nne akamkuta Refa ameketi, anaomba chai, na Msusi pale kiooni anapunga mkono kama mke wa waziri. Fundi kufuli alikuwa bado hoi. Roho ilimwuma. Akamvuta nesi wa utafiti pembeni, akamuuliza nani kapewa ya kweli.

"Mama, hata mimi sijui. Hata daktari hajui. Inajua kompyuta."

"Na kompyuta ina mume?"

Kuanzia siku ile alifumua pindo la foronya, akatia ndani vidonge vyake viwili vya siku, akashona juu juu. Alipombadilishia mumewe mto alimnong'oneza ameze, asiulize. Naye, ambaye kwa karibu miaka thelathini na saba hakuwahi kumshinda kwa maneno, akameza. Siku ya pili yake akaanza kutapika na kuharisha. Marehemu aliona huo ndio ushahidi kwamba Refa ndiye kapewa ya kweli: wa mwenzake anaketi, wake anakwisha. Akazidi kuitazama chati iliyoning'inia kwenye kitanda cha sita kwa jicho baya.

Siku ya kumi na mbili alianguka juu ya cherehani, sukari imepanda. Daktari alimuuliza kama anameza dawa zake. Angeweza kusema amesahau. Lakini mumewe alikuwa ghorofa ya juu anatapika, kwa hiyo akasema kweli yote, foronya kwa foronya. Ikabidi namba ya mumewe ifunguliwe kwenye kompyuta, ikaonekana fundi kufuli alikuwa kwenye dawa ya kweli tangu siku ya kwanza. Alikuwa akimeza mara mbili.

"Mama," daktari alimwambia taratibu, "kidogo tu ungemzika kwa mkono wako."

Dawa ilisimamishwa, mumewe akatolewa kwenye utafiti, na baada ya wiki moja akaketi. Marehemu alimwomba radhi kwa machozi. Mzee alimshika mkono. "Nimejua sasa unanipenda kiasi gani. Usinipende hivyo tena."

Machi 2022 hospitali iliwaita wahusika ukumbini. Walielezwa kwamba katika jaribio lile, waliomeza dawa na waliomeza vidonge vitupu walipona karibu sawasawa. Refa alikuwa amemeza vitupu. Marehemu akainamisha kichwa, kumbe Msusi amekaa nyuma yake. "Mwenzangu, mimi nilikuwa siwezi hata kukuangalia," Msusi alisema. "Nilijua wako ndiye kapewa ya kweli, maana wewe ni mtu wa humu." Walicheka mpaka daktari akasimamisha maelezo. Tangu hapo, kila Jumamosi Msusi alikuja kumsuka, bila kuitwa.

Figo zilianza kumsumbua mapema mwaka 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumatatu jioni alimwambia mumewe akioa tena asioe fundi cherehani. Alifariki kesho yake, Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mume upande huu wa kitanda, Msusi upande ule.

Ameacha mume, dada, watoto watatu na wajukuu saba, wa mwisho akiwa na miezi minne. Ameacha pia Refa na Msusi, ambao yeye mwenyewe aliagiza majina yao yasomwe kabla ya ya mashemeji. Mashemeji wakiona wivu, wavumilie.

Mungu amlaze pema, fungu lake likiwa kamili.