Magoti ya Daktari Rusalina

Baada ya miaka thelathini na minane katika makumbusho yetu ya Brestak, mwanaakiolojia Daktari Rusalina Dobreva anastaafu tarehe 30 Septemba. Amechoka. Tusidanganyane kwenye kijarida chetu wenyewe: hata sisi tuliomfuata mashimoni tumechoka, na yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Alikuja kijana, akapewa makaburi ya kilimani, ya watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kila kiangazi alichimba huko akiwa amepiga magoti, mwiko wa mwashi mkononi, jua utosini. Baridi ikiingia aliandika vitabu, na si vile ambavyo wasomi huandikiana wao kwa wao. Vyake vilisomwa kwa kinyozi na kwenye foleni ya hospitali.

Kilichovuma zaidi kilimhusu Binti Mfalme wa Brestak, mwanamke aliyekutwa kaburini na hereni za fedha. Mji ukalewa sifa. Meya akasimamisha bango la Binti Mfalme barabarani. Bi Zlatka, mwoka mikate, akaanza kuuza banitsa ya Binti Mfalme, nayo ilikuwa andazi lilelile la jibini tulilolila tangu utotoni.

Kisha magoti ya Daktari yakagoma. Hospitalini alipigwa eksirei, akaitazama weee, halafu akaja moja kwa moja stoo na mkongojo wake, akafungua sanduku la mifupa ya Binti Mfalme. Magoti yale yalikuwa yamelika kama yake, na vidole vya miguu vimepinda kwa kupiga magoti maisha yote. Lahaula! Binti Mfalme wetu alikuwa msaga nafaka, wa kupiga magoti mbele ya jiwe.

“Niliangalia hereni,” alituambia, “magoti sikuyaangalia. Mjinga mimi.”

Tulimsihi anyamaze. Ilibaki miezi michache tu, astaafu akipendwa. Ya nini kuuchokoza mji? Akatukatiza: “Huyu mama amesaga mpaka magoti yakaisha. Leo nimnyang'anye na kazi yake?” Akaandika kitabu cha mwisho, akasema kweli.

Mji ukanuna. Meya alifuta sherehe ya kumuaga. Bi Zlatka, rafiki yake wa miaka, akaacha hata kumsalimu. Sherehe Daktari hakuijali. Salamu ndiyo iliyomuuma, na sisi tuliona.

Basi Ijumaa iliyopita tulimuaga wenyewe, kwa chai, hukohuko stoo. Tulipomsindikiza nje tukamkuta Bi Zlatka mlangoni na kopo, anamwaga maji kizingitini, kama tunavyomfanyia anayeanza safari ili mambo yake yatiririke. Nikamwambia, Bi Zlatka, huyu anamaliza, haanzi.

“Nyamaza wewe, Ognyan! Bibi yangu mzaa mama alisaga kwa magoti mpaka kufa kwake. Nani aliwahi kumwandika kitabuni?” Kisha akamgeukia Daktari: “Na wewe, angalia usiteleze, mzee.”

Daktari akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Banitsa sasa inaitwa ya Msaga Nafaka. Bango la meya bado limesimama. Hilo, Daktari, umetuachia sisi, na tumechoka, lakini tutalishughulikia.

Asante, Daktari. Tunakutakia kiti kirefu chenye mto, na kalamu ikikudondoka, usipige magoti. Ita mtu akuokotee.