Barua ya Onyo ya Mama Dirisha

Mheshimiwa Mkurugenzi, Daktari wa zahanati ya jirani, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa mkono na wa cherehani, na wewe Fundi Mkuu wetu, unayetuaga leo ilhali mkasi bado unakutii: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake, na wale wa meza ya pasi nawasalimu mara mbili maana ndio wanaoungua.

Nimepewa dakika tano. Fundi Mkuu ameshaninyooshea vidole vyote vya mkono mmoja kunikumbusha. Mama, tangu saa nne asubuhi huna mamlaka hapa, niache niseme.

Wengi mnamwita Mama Dirisha, na majina mengine mliyompa siwezi kuyataja mbele ya Daktari. Nani hapa hajanuniana naye asubuhi ya baridi? Unafika vidole vimekufa ganzi, unakuta madirisha yote sita yako wazi, naye yuko kwenye meza ya kukatia na masweta yake mawili. Ukilalamika anakujibu, "Vaa nguo, mwanangu. Si tunazishona hapa?" Lakini niwaulize: ni lini mara ya mwisho karakana hii ililazwa yote na mafua? Ni miaka tisa iliyopita, na leo nataka kuusema mwaka ule.

Ndugu wageni, fundi wa mkono akishakula chumvi nyingi, mikono hubaki hodari lakini tundu la sindano huanza kumkimbia. Kwa hiyo sisi wenye macho mapya tuliwatungia uzi wakubwa zetu. Unalamba ncha, unaichonga kwa midomo, unatunga, unampa shangazi sindano. Naye akiona ncha imechanuka, anailamba tena. Tuliona ni adabu na mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Kumbe tulikuwa tukigawiana mafua kama peremende.

Msimu ule tulikuwa na sare za shule za kumaliza, na madirisha tuliyafunga kwa baridi. Wiki moja haikupita, viti kumi na kimoja vikawa vitupu. Bibi yetu wa vifungo, huyu aliyekaa hapa mbele, akapelekwa hospitali na homa ya mapafu. Siku kumi na tisa alivuta hewa ya mtungi, na wanawe waliambiwa wajiandae.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ulikuja mwenyewe, ukasimama mlangoni ukauliza ni nani aliyeingia humu na ugonjwa, ili aondoke siku hiyohiyo. Tukainamia vitambaa. Fundi Mkuu akaweka mkasi chini akasema, "Mkuu wa chumba ni mimi, na madirisha yalifungwa mbele ya macho yangu. Andika jina langu." Ukubwa ni jaa, wahenga hawakukosea. Akapewa barua ya onyo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kukata kola.

Hakususa. Alichora meza zetu kwenye karatasi ya kuchorea vielelezo vya nguo, akatia chaki kwa kila aliyeugua, akafuata nani humtungia nani uzi. Akaenda kwa Daktari na maswali, akarudi na kazi. Kila meza ikapata kisosi chenye sponji mbichi ya kulowanishia uzi, na sabuni ikawekwa kwenye sinki. Mwaka wa kwanza Daktari alipotuletea chanjo ya mafua, alikunja mikono ya masweta yote mawili, akachomwa wa kwanza tukimtazama. Na anayekohoa akamrudisha nyumbani, kisha akafunika cherehani yake kwa shuka jeupe ili mtu yeyote asiikalie mpaka mwenyewe arudi. Hata wewe, Mheshimiwa, ulipiga chafya moja tu mlangoni, ukageuzwa kama mwanafunzi mchelewaji. Tulicheka wiki nzima.

Sasa nasema jambo ambalo halimo kwenye karatasi niliyomwonyesha mshereheshaji.

Aliyeingia na ugonjwa mwaka ule ni mimi. Nilikuwa na wiki sita kazini, na nyumbani mama alinitegemea mimi peke yangu. Niliamka na homa, nikameza vidonge chooni, nikanawa uso, nikaketi, nikamtungia Bibi sindano zake zote. Siku ya tatu Fundi Mkuu alinikuta nimeegemea sinki. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanituma nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo alipokujibu, Mheshimiwa, alijua. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia, "Wewe ungefukuzwa, na wenzako wangejifunza kuficha zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilitaka kumuumbua asiyeficha kitu."

Bibi, ni mimi. Nisamehe.

Mmemsikia? Kwa waliokaa mbali, Bibi anasema, "Keti, mjukuu wangu, nilijua siku ileile. Ulipokuwa ukinipa sindano, vidole vyako vilichoma kuliko pasi." Miaka tisa, Bibi! Kumbe nilikuwa nikijificha peke yangu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, kesho unanikabidhi funguo za chumba hiki. Kabla hujanipa, fungua jalada la mama huyu uitoe barua ile, ulifute jina lake, uandike langu. Ukiona baada ya hapo sistahili funguo, nitarudi mezani kwangu bila kinyongo. Lakini yeye asitoke mlangoni na doa lisilo lake.

Fundi Mkuu, usinikunjie uso. Umenifunika miaka tisa. Leo mimi ni mzima, unaweza kulitoa shuka.

Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.