Lameki Karugendo (1986–2025), Aliyewaimbisha Wazee wa Kaagya

“Kwa hiyo nikifa mtanitupa wapi, mtaroni?”

Marehemu Lameki aliwauliza hivyo viongozi wa chama cha kuzikana cha Kaagya, Januari mwaka huu, sebuleni kwa baba yake. Walikuja na sharti moja: afute kwenye kompyuta yake sauti zote za wazee waliokufa, la sivyo siku yake ikifika hakuna atakayeshika jembe. Mwenyekiti, Mzee Protase, alimwambia, “Kijana, marehemu haimbishwi baa.” Lameki akajibu, “Kwaya mnayoisikiliza redioni kila Jumapili, nusu yao wako kaburini, na bado mnaitikia. Nikifuta, wajukuu wa hawa wazee watawasikia wapi?” Wageni wakaondoka bila kunywa chai.

Lameki alizaliwa tarehe 9 Mei 1986 hapa Kaagya, mtoto wa nne wa hayati Mzee Karugendo na Mama Magdalena. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari Muleba, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Ukweli usemwe, hakuna aliyekitafutia cheti chake fremu. Lakini akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake amwone anayeongea. Alipoifunga zilibaki skrubu tatu, na redio ikaongea vizuri kuliko mwanzo. Baba alimchapa kwa ajili ya skrubu.

Mwaka 2008 alipanga chumba Nshambya, mjini Bukoba, akawa fundi redio, na akiba yake ikanunua kinanda cha umeme cha mtumba. Muziki wake ulikuwa wa mashine tupu, wa kuchezeka, ila wenye ubaridi ndani yake. Hakuwa na meneja wala kampuni. Alitunga, akapiga, akarekodi, akachanganya sauti, akachora hata jalada, kisha akazungusha nyimbo kwenye flashi hadi minada ya Muleba, na baadaye mtandaoni. Alitoa albamu sita. Wasanii wa Mwanza na Kampala walimtumia nyimbo zao azitengeneze.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Joyness katika kanisa la Kilutheri Kanazi. Jioni bwana harusi alitafutwa, akakutwa amelala chali na suti yake chini ya spika iliyokataa kulia. Joyness alisema, “Aolewe spika basi, mimi nitakuwa shahidi.” Mungu aliwajalia Alistidia na Mutalemwa.

Sasa kuhusu zile sauti. Lameki alikuwa akimwomba mtu aimbe “aaa” moja tu mpaka pumzi iishe, kisha anaitandaza kwenye vibonyezo vyote vya kinanda, mtu mmoja akaimba kama kwaya nzima. Alipenda makoo makuukuu, yanayotetemeka. Mzee Kahigi alirekodiwa Aprili 2021, akafa Juni. Bibi Violeth alirekodiwa Agosti, akafa Oktoba. Mzee Kamala hakumaliza wiki tatu. Dada yake Lameki, Ephrasia, anayesoma wasifu huu, alimwambia, “Unachagua watu wa miaka tisini, unategemea wakuage lini?” Lameki akacheka. Kaagya haikucheka.

Desemba ya mwaka huohuo, kwenye harusi moja Muleba, uliwekwa wimbo wa Lameki. Rwegasira, mwana wa Mzee Kahigi, akamsikia baba yake, aliyemzika kwa mikono yake, akipanda na kushuka katikati ya ngoma. Alitoka ukumbini ameziba masikio. Tangu hapo Lameki akipita na begi lake milango ilifungwa, na akina mama waliwaziba watoto midomo wasije wakatoa sauti.

Machi mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili mjini Bukoba, akapelekwa Mwanza, akarudishwa nyumbani. Tarehe 2 Septemba, akiwa hawezi tena kukaa, aliomba kipaza sauti kitandani. Kwanza alimwomba Ephrasia “aaa” moja. Dada huyo, pamoja na mdomo wake wote, alisema ana ndizi jikoni zinaungua. Hakukuwa na ndizi jikoni. Basi Lameki akajirekodi mwenyewe. Joyness alimshika mkono: “Baba Alistidia, usifanye.” Akafanya. Alifariki Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, saa nane mchana. Siku arobaini na saba. Zimehesabiwa na kila mtu.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na ndugu wanne.

Wasifu uliochapwa unaishia hapo. Ulipochapwa, jana Jumanne, chama kilikuwa kimetuma neno kwamba hakichimbi. Sababu iliyotolewa si sauti tena. Kila nyumba hupeleka mkungu mmoja wa ndizi kwenye kila msiba, na Lameki, walisema, anadaiwa mkungu wa msiba wa mama yake Rwegasira, mwaka 2022. Mkungu huo Lameki aliupeleka begani mwenyewe. Rwegasira aliurudisha mlangoni, akisema ndizi za mtu huyu hazipikwi hapa. Mkungu uliorudishwa, chama kikauhesabu kuwa haukuletwa.

Leo saa mbili asubuhi mashemeji walikuwa wakichimba peke yao. Mzee Protase alisimama nje ya uzio kama mpita njia. Rwegasira akaja na mkungu begani na jembe mkononi, akautua miguuni pa mzee.

“Huu ni ule niliomrudishia,” akasema. “Lameki amelipa.”

Mzee Protase akautazama ule mkungu. “Umetoka shamba la nani?”

“La baba.”

Kisha Rwegasira akamgeukia Joyness, bila kumtazama usoni. “Shemeji, ile sauti ya mzee wangu msiifute.” Akashuka shimoni.

Mzee Protase akavua koti.

Mungu ampokee Lameki, akiwa hadaiwi.