Dzombo na Chupa Mbili za Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, ahsanteni kwa kutukaribisha majumbani mwenu. Jioni hii tunamkumbuka Dzombo Kaingu, msusi wa vitanda vya kamba, aliyezikwa Ijumaa kwao Waa. Malaria ilimchukua akiwa na miaka ishirini na minne. Dzombo alikuwa haoni tangu utotoni. Nalisema mapema tulimalize, maana mwenyewe alichoka na watu walioanzia hapo na kuishia hapo hapo.

Mwaka wa tisini na sita alipanga chumba Ukunda. Peke yake. Mama yake, Bi Dama, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Alichokiogopa ni moto. Walivutana wee, mwisho wakawekeana sharti. Dzombo apike mbele ya mama yake, na mama asitie mkono wala neno. Akilazimika kusema, basi kijana afunge virago arudi Waa.

Dzombo alikuwa amejipanga. Alikuwa na chupa mbili zilizofanana. Ya mafuta ya kupikia aliifunga kamba shingoni, ikakaa kando ya jiko. Ya mafuta ya taa haikuwa na kamba, ikakaa nyuma ya mlango.

Sasa, jirani yake Maryanne, binti wa bara aliyekuwa akifanya usafi katika hoteli moja ya Diani, alisikia kwamba mgeni anakuja. Moyo wake mweupe, Mungu ambariki. Dzombo alipotoka kununua samaki, mlango akiwa ameurudisha tu, Maryanne akaingia. Akafagia, akaosha vyombo, akazisugua zile chupa. Kamba ilikuwa imejaa masizi, akaitupa. Kisha akazipanga chupa zote mbili kando ya jiko, akaenda zake kazini. Wasikilizaji, wema ule nusura utuletee msiba mapema.

Bi Dama akafika, akaketi kitandani. Makaa yalikuwa yamekolea, sufuria iko motoni. Dzombo akanyoosha mkono, akashika chupa. Mama akaona kilichomo ni cheupe kama maji. Ni mafuta ya taa.

Bi Dama ameniambia hivi: "Nikisema, mwanangu atarudi nyumbani na hatanisamehe. Nikinyamaza, ataungua." Alikuwa ameshasimama.

Kidole cha Dzombo kikapita shingoni mwa chupa. Hakuna kamba. Akaipapasa ya pili. Hakuna kamba. Akaiepua sufuria kwanza, akaiweka sakafuni. Akazichukua zile chupa, akasogea nazo mbali na jiko, ndipo akafungua kizibo, akanusa.

"Mama, keti," akasema. "Nimekusikia ukisimama. Nani aliyeingia humu?"

Mchana ule walikula samaki wa kukaanga, na Bi Dama akarudi Waa peke yake. Hakutia neno. Dzombo akakaa Ukunda miaka mitatu, akapika, akasuka vitanda, akalipa kodi yake.

Maryanne alipoelezwa alilia. "Mimi nilidhani nakuhelp," alimwambia.

"Ukitaka kunisaidia, bisha hodi," Dzombo akamjibu, "kisha uniulize kila kitu kinakaa wapi."

Ijumaa, baada ya maziko, wanawake walikuwa wakipika uani. Vyombo vya Dzombo vilikuwa vimeletwa kutoka Ukunda. Bi Dama akaishika ile chupa ya mafuta ya kupikia, akagusa shingo. Kamba ilikuwa mpya.

"Ni mimi nimeifunga, mama," Maryanne akasema. "Ile ingine ilikuwa imechakaa. Nimezoea tu kumfungia."

Bi Dama akaipeleka chupa kando ya jiko, akaiweka pale. "Ahsante, mwanangu. Asiitoe mtu."

Makiwa, Bi Dama. Makiwa, jamaa wote wa Waa na majirani wa Ukunda. Mola amlaze Dzombo mahali pema. Nawe msikilizaji mwenye ndugu asiyeona, kesho ukiingia jikoni mwake na wema wako, uliza kwanza. Ukimaliza, kirudishe kila kitu pale alipokiweka yeye.