Dole Gumba kwenye Meza ya Mkwe

Asubuhi hiyo benchi letu la kahawa, nje ya karakana ya fundi Brashi, lilikuwa na mgeni: meza, tumeizunguka kama maiti, Mungu anisamehe kwa mfano huo. Brashi aliipaka vanishi ya plastiki, zawadi kwa mama wa binti anayemposa. Jana mama alipiga simu kuuliza kama imekauka. Fundi mwenye akili hujaribu kwa kidole uvunguni. Brashi, kwa kiherehere cha ukwe, alibonyeza katikati kabisa, akajibu, "Imekauka, mama," huku dole gumba limenasa. Na mama huyo alishaapa kwamba mwongo haoi kwake. Leo anaifuata meza yake.

Ajabu ni kwamba ile alama ilikuwa inafifia. Jana shimo, leo kibonde tu.

Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama, alidai vanishi ina haya, inajisitiri. Oveni, mwoka mikate, akamkatalia.

— Chembe za vanishi ni kama waumini waliobanana kwenye ibada. Wa katikati hata kujikuna hawezi. Wa mlangoni ana nafasi, anachezacheza. Basi juu, ndiko mlangoni kwa vanishi, inatiririka; ndani imeganda.

— Kwa hiyo kibonde kitajaa? Brashi akauliza.

— Ipashe moto, waumini wote watacheza.

— Samaki mkunje angali mbichi, Jaji akaamua. Ibonyeze meza nzima, ifanane.

Akaendelea kwamba kila kitu kinatiririka, hata kuta za mahakama, ndiyo maana kesi haziishi. Brashi akaniomba mimi, mchungaji wao, niiombee meza. Niliomba, ila nakiri jicho moja lilikuwa kwenye birika la kahawa.

Mama mkwe alimkuta Brashi ameinama, mashavu yamevimba, anaipulizia meza pumzi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Hii imekauka au haijakauka?

Oveni akamtazama Jaji. Jaji akatazama viatu vyake. Mimi nikakohoa.

— Sijui, mama, Brashi akasema mwishowe. Juu bado inatembea. Jana nilikudanganya.

Mama akapitisha kiganja hewani juu ya kile kibonde, bila kukigusa. Kisha akakunja mwavuli, akajibana kati yangu na Jaji.

— Basi tutangoja. Nimiminieni kahawa.

Birika lilikuwa tupu. Kabla hatujasema neno, Brashi alishalinyakua, anakimbilia maji.