Wanane Tuliowaacha

Mheshimiwa Msimamizi wa Tarafa. Bwana Maxime, Rais wa klabu, pamoja na kamati yako. Wazee wa Jabe, wazazi mliotuamini na mabinti zenu. Wachezaji wa leo na wa jana. Wageni wetu wote: amahoro, na assalamu alaykum.

Mimi Massoudi ni fundi pikipiki, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa kocha wa Nyota ya Jabe, timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Leo ni siku yangu ya mwisho. Tangu Jumapili, wasichana hawa waliporudi daraja la kwanza, watu wananipongeza barabarani kana kwamba mimi ndiye niliyefunga. Naomba niseme ukweli kabla sijaondoka na sifa za mwingine.

Misimu miwili iliyopita tulishuka daraja. Michezo kumi na minane, ushindi mmoja. Kamati ikaniambia: jenga timu upya, baki na watano kati ya kumi na wanne. Je, ni kazi ndogo kufuta majina tisa ya watu uliowalea? Mimi niliifanya ndogo. Niliangalia umri, nikaangalia nani anakosa mazoezi, na kwa saa moja nikawa nimemaliza. Hata Fadhila, mtoto wa dada yangu, nilimfuta, nikajiona mtu wa haki.

Jina la kwanza lilikuwa la kapteni wetu, Léoncie. Miaka thelathini na minne, goti limepasuliwa mara mbili. Anauza vitenge soko la Jabe. Nilimfuata pale mchana, wateja wamejaa, nikamwambia nikiwa nimesimama, kama mtu anayeuliza bei.

Alimaliza kukunja kitenge alichoshika. Kisha akasema: "Miaka kumi na moja, kocha. Na unakuja kuniambia hapa, mbele ya watu?"

Akainyakua karatasi yangu ya majina, akasoma.

"Mimi, sawa. Hili goti nalijua kuliko wewe. Lakini Chanelle umemufuta sababu gani?"

"Anakosa mazoezi."

"Ulimuuliza?"

Mabibi na mabwana, sikuwa nimemuuliza.

"Mama yake amepooza tangu Pasaka," akasema. "Ule mutoto anamuogesha, anamulisha, ndiyo anatoka Gasenyi kwa miguu. Akifika, mazoezi yamebaki nusu saa, na we unamukalisha kwenye benchi."

Kesho yake nilikwenda Gasenyi. Chanelle alifungua mlango, mikono imejaa sabuni, akaniuliza taratibu: "Kocha, umekuja kunifukuza?" Mama yake alikuwa nyuma yake kwenye mkeka, anatusikiliza. Nikasema hapana, nimekuja kuuliza ni saa ngapi mazoezi yakianza utaweza kufika. Nilisema hivyo nikiwa sijamuuliza mtu yeyote.

Bwana Maxime, unakumbuka ulivyonijibu nilipokuambia Chanelle abaki? "Tulisema watano." Nami nikasema sita, la sivyo tafuteni kocha mwingine. Ulikasirika, lakini ulikubali, na hilo nakushukuru mbele ya watu hawa. Kisha nikaenda nyumbani kwa wale wanane wengine, Léoncie akiwemo, mmoja mmoja, kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Wengine walilia. Dada yangu hakunikaribisha hata maji.

Léoncie hakunisalimia mwezi mzima. Jumamosi moja akaja kiwanjani, goti limefungwa bandeji. "Sikuja kwa ajili yako," akasema, akamchukua Chanelle pembeni na kuanza kumfundisha kuongoza mchezo. Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, misimu miwili, bila jezi wala cheo.

Jumapili mliona. Pointi sawa, sekunde tisa zimebaki, mpira uko kwa Chanelle. Uwanja mzima unapiga kelele: tupa! Mimi mwenyewe nilipiga kelele: tupa! Léoncie, kando yangu, alinyamaza. Chanelle akawavuta walinzi wawili, akampa mwenzake Houda aliyebaki peke yake chini ya kikapu, naye akafunga. Nani alimfundisha kutulia namna ile? Si mimi.

Kwa hiyo kuanzia kesho timu ni ya kocha Léoncie. Kamati ilipomwomba, alitoa sharti moja: mchezaji hataachwa kabla kocha hajafika kwao. Limeandikwa, limetiwa sahihi.

Nina ombi la mwisho. Wale wanane tuliowaacha, wamo humu ndani saba. Walikuja kila mchezo, wakapiga makofi kwa timu iliyowakata, na Fadhila amekuwa akiandika matokeo mezani. Naomba msimame, wanangu. Nanyi wengine, kabla hamjanipigia mimi makofi, wapigieni hawa. Ndio wanaonipa fahari kubwa kuliko kombe lile la Jumapili.

Kwa subira yenu na masikio yenu, nawashukuru sana.